Vijana waliofungiwa kisiwa cha Ripapa 1913, kosa lao lilikuwa nini hasa?

Msomaji_Usiku: Wakuu naomba kueleweshwa. Nimesoma kwamba New Zealand mwaka 1913 kuna vijana walifungiwa kwenye ngome ya kisiwa cha Ripapa, bandari ya Lyttelton pale karibu na Christchurch, kisa wamekataa kwata. Sasa vita ya kwanza ya dunia si ilianza 1914? Unafungwaje kwa kukataa jeshi wakati hata vita hakuna? Na ilikuwa ishu ya dini tu au siasa?

kobe_mzee: Mkuu ile sheria ya ulinzi ni ya 1909, vijana wa kiume walilazimishwa mafunzo ya kijeshi kuanzia miaka 12, yaani watoto kabisa. 1910 Lord Kitchener, jenerali mkubwa wa jeshi la Uingereza, akatembelea huko na umri wa juu ukasogezwa mpaka 25. Usipohudhuria unapigwa faini. Ujanja wa hawa jamaa ulikuwa hapo kwenye faini, wanagoma kulipa, basi inabidi wapelekwe jela na serikali inaonekana inafunga vijana wasio na kosa la maana. 1912 wakarekebisha sheria, wagomaji wakawa wanawekwa kizuizini chini ya jeshi lenyewe, ndo Ripapa ikaingia. Kule wakaambiwa tena wapige kwata (sijui walitegemea nini), wakakataa, wakapunguziwa msosi, nao wakagoma kula kabisa. Kelele zikafika mpaka kwa waziri mkuu Massey.

Sajenti_mstaafu: Mimi naona ni uvivu na woga tu, kwata haijawahi kuua mtu.

kobe_mzee: Mwoga angelipa faini akalala kwao bosi.

Bi_Tabu: Kuhusu dini, ndio Quaker (Wakristo wanaopinga vita) walikuwepo, na marekebisho ya 1912 yaliwapa watu wa dini kazi mbadala, ila msoshalisti anayesema siwezi kumpiga risasi mfanyakazi mwenzangu wa Ujerumani hakupewa kitu, na hao ndo walikuwa moto kwenye Passive Resisters' Union, yaani umoja wa hao wagomaji, pale Christchurch, walikuwa mpaka na gazeti lao linaitwa Repeal. Msisahau na wamama, Ada Wells aliyepigania kura ya wanawake mpaka ikapatikana 1893 alikuwa kwenye hii harakati pia. Halafu kuna Peter Fraser, alifungwa miezi 12 kwa kupinga watu kuandikishwa jeshini kwa lazima 1916, kaja kuwa waziri mkuu 1940 na mwaka huohuo serikali yake ikaleta kitu kilekile.

Sajenti_mstaafu: 😂😂 Kumbe Fraser ni mwenzetu sasa

Msomaji_Usiku: Aisee asanteni. Kumbe hicho kisiwa ndo kilekile walichofungiwa Wamaori (wenyeji wa asili wa New Zealand) wa kijiji cha Parihaka 1880?

kobe_mzee: Ndo hichohicho mkuu, na wale nao hawakuwa na silaha, walikuwa wanalima tu ardhi yao iliyochukuliwa.