Mlango wa nyuma wa Noah umekuwa mgumu mno kufunga baada ya kubadilisha shokapu

MpishiMakorora
Assalaam alaykum ndugu zangu, na habari za leo kwa wote. Ninaishi Makorora, hapa Tanga mjini, na kazi yangu ni kupika kwenye shughuli za harusi, maulidi na hitima. Sufuria, majiko na madumu ya mafuta nayabeba kwa Noah ya mwaka 2004, kwa hiyo mlango wa nyuma hufunguliwa na kufungwa pengine mara ishirini kwa siku. Kwa miezi mingi mlango huo ulikuwa haukai juu, tukawa tunauegemeza kwa mwiko mkubwa wa pilau, mpaka siku moja mwiko ukateleza na mlango ukamwangukia kijana wangu wa kazi begani. Alhamdulillah hakuumia sana, lakini niliogopa, na wiki hiyo hiyo nikanunua shokapu mbili mpya, zile fimbo za gesi zinazoushikilia mlango juu.

Sasa unakaa juu barabara, ila kuushusha ni kazi. Inanibidi niuning'inie kwa mikono miwili, na ukifika chini unarudi juu kidogo kana kwamba kuna mtu ndani anausukuma. Nikiubamiza ndipo hushika, na tayari bati limeanza kubonyea pale viganja vyangu vinapokaa, juu kidogo ya kibao cha namba. Fundi aliyezifunga ananiambia kuwa shokapu mpya ndivyo zilivyo, nizizoee. Nimesubiri wiki tatu. Je, zitalainika zenyewe, au kuna kosa mahali?

MkaziWaSahare
Pole sana dada. Nadhani ni joto. Ndani ya shokapu mna gesi, na gesi ikipata moto hutanuka. Jaribu kuegesha kivulini uone.

FundiBodiNgamiani
Dada Mpishi, kwanza acha kuubamiza kuanzia leo, kwa sababu bati likishabonyea pale, kulinyoosha na kulipaka rangi kutakugharimu kuliko shokapu zenyewe, na kioo cha nyuma nacho hakipendi kishindo.

Ndugu wa Sahare amesema kweli kuhusu gesi: ni naitrojeni iliyoshindiliwa, na joto huiongezea nguvu. Hata hivyo, kutoka nyuzi 24 za asubuhi hadi nyuzi 32 za mchana nyongeza hiyo haifiki asilimia 3, na hata gari likianikwa mpaka shokapu ifike nyuzi 50, haifiki asilimia 10. Joto peke yake haliwezi kumfanya mtu auning'inie mlango. Na hilo la kuzoea nalo lina ukweli mdogo, maana shokapu mpya hulegea kidogo siku za mwanzo, pale raba ya ndani inapozoeana na fimbo, lakini kwa mara ishirini kila siku, wiki tatu zimetosha na kupita.

Kinachonishughulisha ni kwamba umeeleza ugumu wa aina mbili. Mlango unaokataa tangu juu, ukiwa ndiyo kwanza unauvuta, huwa unasukumwa na shokapu. Mlango unaoshuka vizuri halafu ukagoma kwenye vidole vinne vya mwisho, mara nyingi kosa liko kwenye kitasa, kwenye raba ya kuzunguka mlango, au kwenye bawaba zilizoshikwa na kutu, jambo la kawaida kwetu tunaoishi na upepo wa chumvi. Wako unafanya yote mawili, basi usikubali kuambiwa kuwa chanzo ni kimoja mpaka uvitenganishe.

Namna ya kuvitenganisha ni hii. Mwombe mtu mwenye nguvu aushike mlango ukiwa juu, na asiuachie hata kidogo. Chukua bisibisi bapa ndogo, inua kidogo klipu ya chuma iliyoko kwenye kikombe cha shokapu, usiichomoe yote, kisha vuta shokapu itoke kwenye kinundu chake. Zikitoka zote mbili, ushusheni mlango taratibu kwa mikono. Ukijifunga wenyewe kwa uzito wake, kitasa hakina neno. Ukigoma chini, umepata kosa la pili.

Shokapu zikiwa mkononi, soma maandishi ya ubavuni. Utaona tarakimu ikifuatwa na herufi N, yaani nyutoni, ambayo ndiyo nguvu yake. Zilinganishe na zile za zamani kama hukuzitupa, kwa nguvu na pia kwa urefu, maana shokapu ndefu kuliko inavyotakiwa hufika mwisho kabla mlango haujafunga, na ukilazimisha unapinda mkono wa bodi unaoishikilia shokapu.

DerevaMuheza
Mimi nilimwona mtu akitoboa tundu dogo kwa drili ili gesi ipungue, na mlango wake ukawa laini.

FundiBodiNgamiani
Kaka, nakuomba usimshauri mtu yeyote jambo hilo. Shokapu ya nyutoni 400 yenye fimbo ya milimita 8 ina mgandamizo wa zaidi ya mara thelathini ya ule wa tairi la gari dogo. Kipande cha chuma au mafuta yakiruka humo yanaelekea usoni mwa aliyeshika drili. Isitoshe, gesi haitoki nusu, itatoka yote, na mlango utarudi kuangukia watu mabegani.

MpishiMakorora
Nashukuru sana, Mwenyezi Mungu akulipe. Jana jioni tulifanya kama ulivyoelekeza, kijana wangu akishika na mimi nikichomoa. Za zamani zilikuwa bado stoo, nikazifuta vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka maandishi yakaonekana: 380N. Mpya zimeandikwa 520N. Urefu ni sawasawa. Bila shokapu mlango ulishuka vizuri, ila uliishia kwenye mlio wa kwanza wa kitasa na haukufika wa pili.

FundiBodiNgamiani
Hapo majibu yamekamilika. Tofauti ni nyutoni 140 kwa kila moja, na kwa mbili ni 280, sawa na uzito wa kilo 28 hivi. Kwa kuwa shokapu hufungwa karibu na bawaba na wewe unavuta mbali, kwenye viganja vyako inaweza kubaki kama sehemu ya tano, yaani kilo tano au sita za ziada kila unapofunga. Rudi dukani ukaombe za 380, na zikifungwa, hakikisha upande wa fimbo unatazama chini mlango ukiwa umefungwa, ili mafuta ya ndani yailoweshe raba ya fimbo, nazo zitadumu zaidi.

Kuhusu kitasa, hicho hulia mara mbili ndipo kimeshika kikamilifu; mlango ukiwa wazi, sukuma ulimi wake kwa bisibisi mpaka ulie mara mbili. Ukiwa mzito, uoshe kwa mafuta ya taa, ukaushe, utie grisi kidogo. Kabla ya kushusha mlango, vuta mshiko ili ulimi ufunguke tena, la sivyo utagonga chuma kwa chuma.

MpishiMakorora
Ulimi ulikuwa umezibwa na unga wa ngano uliogandana na mafuta ya kupikia, mweusi kama lami. Nimeutoa kwa mswaki wa zamani. Dukani walikubali kunibadilishia baada ya kuwaonyesha ile ya 380N, na leo asubuhi, tukipakia vyombo vya shughuli ya Pongwe, nimefunga mlango kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika sinia la maandazi.