Mwanangu anatakiwa kupigwa leza ya macho akiwa usingizini, nimsubirishe kwanza?

Msafiri_wa_Usiku: Habari za jioni wakuu. Mwanangu wa kiume ana miaka 3. Mwezi uliopita nilimpiga picha kwa simu, jicho la kulia likatoka jekundu, la kushoto likang'aa jeupe kama la paka. Hospitali wamempima hadi altrasaundi, wakasema saratani hakuna, ila mishipa ya damu nyuma ya jicho haikukua hadi mwisho na inavuja. Wanataka wampe usingizi wampige leza macho yote mawili. La kulia anaona vizuri kabisa! Naona nisubiri afike hata miaka 6. Nani amepitia hili?

Mama_Nuru: Pole baba. Wa dada yangu alikuwa na weupe hivyo hivyo, kumbe mtoto wa jicho. Walimpasua, sasa yuko darasa la nne na miwani yake.

Kobe_Mpole: Mnyang'anyeni simu kwanza, mpeni karoti na mchicha. Enzi zetu nani alivaa miwani?

Tabibu_Macho: Nipo kliniki ya macho. Karoti haioteshi mishipa. Mkuu, mtoto alizaliwa njiti? Na kwenye ukoo nani mwingine ana shida ya macho?

Msafiri_wa_Usiku: Miezi tisa kamili, kilo 3.2. Kwenye ukoo hakuna.

Tabibu_Macho: Njiti hupata hali inayofanana na hiyo. Kwa aliyetimiza miezi, tunafikiria FEVR, ugonjwa wa kurithi ulioelezwa na Criswick na Schepens mwaka 1969. Kwa kawaida mtoto akizaliwa mishipa imeshafika ukingoni mwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Hapa inakomea njiani, sehemu iliyokosa damu inaita mishipa mipya, nayo ni dhaifu: inavuja, inaacha makovu, kovu linavuta retina hadi inabanduka. Wewe na mama yake mmepimwa?

Msafiri_wa_Usiku: Mama yake yuko safi. Mimi nasafiri sana.

Tabibu_Macho: Sijauliza safari mkuu. Umepimwa?

Msafiri_wa_Usiku: Sijapimwa. Naendesha semi, Dar hadi Tunduma. Jicho langu la kushoto halioni tangu utotoni, waliniambia nilichomwa na mua. Daktari alinimulika mara moja akauliza, "Kovu la mua liko wapi?" Sikurudi tena. Leseni naihuisha mwezi ujao, na ndiyo ugali wa watu saba. Msinihukumu, mtoto akikua kidogo nitampeleka.

Bi_Shamsa: Mkeo analijua hilo jicho?

Msafiri_wa_Usiku: Anajua mua.

Kobe_Mpole: Hapo ndipo ndoa zinapokufa. Mimi nilificha deni la SACCOS miaka miwili…

Mchunguzi255: Wakuu, chai hii. Posti yake ya pili ukoo hauna tatizo, baadaye baba ana chongo na anaendesha semi. Leseni alipataje? Modi funga uzi.

Mama_Nuru: Hata mimi nimeanza kusita.

Msafiri_wa_Usiku: Siku ya kupimwa nilianza na jicho zima, nikakariri herufi, nikazirudia nilipofunika lile zima. Mtoto wangu naye, nikimziba la kushoto anaendelea kucheza na gari lake. Nikimziba la kulia anasukuma mkono wangu, anasema "baba, usizime taa." Amini au usiamini.

Tabibu_Macho: Mimi nakuamini. Ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo: familia moja, mmoja anazeeka bila kujua anao, mwingine anapofuka akiwa mtoto. Hata macho ya mtu mmoja hayalingani. Mara nyingi mzazi mmoja anatosha kuurithisha, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Vinasaba vinavyojulikana ni kama FZD4, LRP5 na TSPAN12, ila familia nyingi kipimo hakipati kitu, kwa hiyo majibu safi si ruhusa ya kukaa nyumbani. Leza hairudishi kilichopotea, inachoma eneo lisilo na damu ili uvujaji usiendelee. Jicho la kulia ndilo la kuharakia, kwa sababu bado lina cha kuokolewa. Kwani ana wadogo zake?

Msafiri_wa_Usiku: Yupo wa miezi minne. Wa kike.

Tabibu_Macho: Mlete naye. Na wewe ufike. Mambo ya leseni tutayaongea, ila barabarani usiku na jicho moja ambalo nalo huenda lina ugonjwa, watu saba hawakutegemei kwa ugali peke yake.

Bi_Shamsa: Mwambie mkeo leo.

Msafiri_wa_Usiku: Nimemwambia. Amelia, kisha akauliza kama tuna nauli ya watu wanne. Kitanda kipo Jumatatu. Wanamruhusu baba kukaa naye mpaka usingizi umshike?

Mama_Nuru: Sisi walituruhusu mmoja. Dada alimshika mguu hadi akalala. Mbebeeni khanga ya mama yake, ila msiifue.