MREJESHO: Wanafunzi wangu Wachina na Kiingereza chao

Wakuu, niliuliza niwasaidieje vijana wa chuo hapa Changsha, China, wanaojiandaa na CET-4, mtihani wa kitaifa wa Kiingereza kwa wanafunzi wa vyuo. Msamiati wamekariri mpaka basi, ila wakiandika, kitenzi cha jana na cha kesho ni kilekile, na wakiongea "he" na "she" wanazichanganya.

Aliyeshauri nianzie kwenye lugha yao, ahsante sana. Kichina hakibadilishi kitenzi kufuata wakati. Ukitaja jana, imetosha. Na "he" na "she" kwao hutamkwa sawa, tā, tofauti iko kwenye maandishi tu. Basi kukariri kanuni nikaweka kando. Tunasoma kisa kifupi, wanapigia mstari vitenzi vya wakati uliopita, kisha wanakisimulia upya bila kuangalia. Hapo ndipo ndimi zilipofunguka. Orodha za maneno sijazifuta (wanazipenda mno!), ila kila neno sasa lina sentensi yake.

"A" na "the" bado kizungumkuti, na sisi wa Kiswahili tunawaelewa kabisa, maana hata lugha yetu haina vijineno hivyo. Kwenye CET-4, kwa kawaida anayepata alama 425 kati ya 710 huhesabiwa amefaulu. Kwenye mazoezi, wengi wanakaribia. Mwenye mbinu ya hivyo vijineno viwili aniletee.