Mrejesho: kingamwili ya PSD-95 haikuwa na kosa

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Waliosahau: nililalamika kwamba kingamwili niliyonunua ya PSD-95, ile protini inayoshikilia vipokezi vya NMDA (vinavyopokea ishara ya kemikali) kwenye sinapsi, yaani kiungo kati ya seli za neva, haionyeshi mstari wowote kwenye western blot (protini hutenganishwa kwa uzito kwenye jeli, kisha kingamwili hunasa na kuonyesha ile unayoitafuta), na nilishamwandikia muuzaji barua kali.

Aliyeniuliza "mashapo unayapeleka wapi?" ndiye aliyepiga penyewe. Nilikuwa nasaga ubongo wa panya kwenye Triton X-100, sabuni ya maabara ya kuyeyushia seli, nazungusha kwenye sentrifuji, nachukua maji ya juu, mashapo natupa. Kumbe PSD-95 imejikita kwenye sehemu ya sinapsi isiyoyeyuka kwa Triton. Wiki tatu nzima naimwaga mwenyewe!

Juzi nikayeyusha mashapo kwa SDS, sabuni kali zaidi, nikachemsha, nikapakia kwenye jeli: mstari mnene karibu na kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 95. Ukijumlisha uzito wa asidi amino zake unapata kama kilodaltoni 80, ila kwenye jeli ndivyo inavyokaa, msishtuke. Ini nililoweka kwa kulinganisha halikutoa kitu.

Vipande vya ubongo vya kutazama kwa hadubini bado sijavigusa. Muuzaji nimemwomba radhi, hajajibu.