Asilimia 15 ya redevansi: ibaki kwa sekta na cheferi, au iingie mfuko wa jimbo?

MwanaKamalondo
Watu wa Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kambove, tuliweke hili mezani. Tangu sheria ya madini ya Machi 2018, asilimia 15 ya redevansi, yaani mrabaha wa madini, inalipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya entite, yaani eneo la utawala, ambamo mgodi uko: mji, komini (sehemu ya mji), au sekta na cheferi, ambazo ni maeneo ya vijijini. Wapo wanaotaka fungu hilo liondolewe huko liwekwe katika mfuko mmoja wa jimbo letu la Haut-Katanga, hapa Kongo (DRC), kwa sababu miaka inapita na vijiji vinavyopakana na migodi bado vinachota maji mtoni. Mimi nasema libaki huko chini, kwa masharti. Tuseme tonne moja ya shaba imeuzwa dola 9,000. Redevansi ya asilimia 3.5 ni dola 315, na entite inapata 47.25. Mgodi wa tonne 20,000 kwa mwaka unaleta dola 945,000 kwa sekta moja. Kobalti, iliyoingizwa kwenye madini ya kimkakati mwaka 2018, inalipiwa asilimia 10. Makuta, yaani fedha, yapo. Nani ayashike?

Likasi_Juu
Jimbo. Barabara haijui mpaka wa sekta. Ukitengeneza kilometa 8 zako na jirani hajagusa zake, lori la mahindi linakwama palepale. Barabara ya lateriti, udongo mwekundu, inataka greda, gari la maji, mashine ya kushindilia, mgongo katikati ili maji yateremke pembeni, na mitaro yenye pa kutokea. Sekta peke yake inamwaga udongo bila kushindilia, na mvua za Januari zinaondoka nao. Tena Kinshasa inakata asilimia 60 kwanza. Kinachobaki tukikatekate cha nini? Na tusidanganyane: chefu wa kijiji asiyeweza kusoma hata karatasi ya banki ndiye apewe mamia ya maelfu ya dola?

Binti_Kaponda
Likasi_Juu, maneno hayo ya mwisho yafute. Kijiji hakina akaunti ya redevansi. Sheria ya Oktoba 2008 inataja entite nne tu, kijiji hakimo wala grupma, yaani kundi la vijiji, haimo. Huyo chefu wa kijiji unayemdharau hajasaini hundi hata moja ya fedha hizi. Kwenye sekta anayesaini ni mtu aliyeteuliwa na Leta, yaani serikali. Kwenye cheferi ni mfumu, chifu anayetokana na desturi, anayetambuliwa na sheria ya Agosti 2015 na pia na Katiba yenyewe. Fedha za nchi hii zilizoyeyuka maofisini, zilipotezwa na wasiojua kusoma?

Likasi_Juu
Dada, sikutukana mtu, nimesema uwezo. Nani anaandaa bajeti ya cheferi? Nani anatangaza zabuni, nani anafungua bahasha, nani anapokea kazi ikiisha? Mara nyingi ni katibu mmoja na mhasibu mmoja, na wote wawili wanamwogopa mfumu kwa sababu mashamba yao yako mikononi mwake. Sanduku la ukoo na sanduku la cheferi vinakuwa kimoja.

Binti_Kaponda
Hapo sasa umesema jambo, ingawa ulianza kwa matusi. Lakini sema na upande wa pili. Mfumu anapokea wageni wa Leta, anahukumu kesi za mashamba, anasimamia matanga, anawalisha wote hao. Nani anamlipia? Mumwekee fungu la uendeshaji linaloandikwa na kusomwa hadharani, muone kama sanduku halitajitenga.

Hesabu_Ruashi
Ndugu zangu, hiyo 60 ni ya sheria ya zamani, ya 2002. Ya 2018 inagawa hivi: 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 entite, 10 mfuko wa madini kwa vizazi vijavyo. Kwa hiyo katika tonne ileile ya shaba jimbo tayari linapata dola 78.75. Kabla ya kudai 47 za sekta, lituonyeshe barabara zilizojengwa kwa 78.

Halafu watu wanachanganya vyungu vitatu. Kuna redevansi ya entite. Kuna asilimia 0.3 ya mauzo yote ya kampuni, ambayo ni ya maendeleo ya jamii na ina chombo chake ambamo kampuni na jamii wanakaa pamoja; mkuu wa sekta haimiliki. Na kuna daftari la ahadi ambalo kampuni inasaini na jamii. Utakuta shule moja imeandikwa katika vyungu vyote vitatu, imelipwa mara tatu, na madarasa ni yaleyale sita.

Anayetaka kufuatilia aanze na tonne, asianze na pesa. Pata uzito uliosafirishwa, bei iliyotumika na kiwango cha madini ndani yake. Haidroksidi ya kobalti inatoka na unyevu: uzito wa mvua si uzito mkavu, na hapo ndipo hesabu inapopindishwa. Ukishapata thamani, kata redevansi, kata 15, linganisha na hati ya malipo, kisha na taarifa ya banki ya entite. Tofauti ikitokea kati ya hesabu yako na hati ya malipo, uliza kampuni. Ikitokea kati ya banki na kazi iliyofanyika, uliza ofisi ya entite.

Likasi_Juu
Hesabu_Ruashi, kwa hiyo sasa sisi wa Likasi hatujui hesabu? Mimi nazungumzia mfumu asiyehojiwa na mtu.

Kampemba_Leo
Mnagombania mfumu wakati mjini ndiko kuna fujo. Lubumbashi ni entite, na komini zake saba nazo ni entite. Mgodi ukiwa ndani ya komini, 15 ni ya komini au ya mji? Kila mmoja anapeleka namba yake ya akaunti kwa kampuni, na kampuni inachagua wa kumridhisha. Desemba 2023 tulipiga kura ya washauri wa komini. Bila baraza linalopitisha bajeti na kuikagua, komini haina tofauti na cheferi mnayoilaumu.

Mtu_wa_Kipushi
Kampemba_Leo, kweli tupu. Ila mtu asije na wimbo wa kurudi Katanga moja, jimbo la zamani lililogawanywa mwaka 2015. Ilipokuwa moja, Kolwezi, mji wa migodi ulio sasa jimbo jingine, ilikuwa inalia hivihivi.

Kampemba_Leo
Nani kataja Kolwezi? Na ile asilimia 40 ya mapato ya taifa ambayo Katiba ya 2006 inataka majimbo yaikate palepale yanapokusanya, mbona hakuna anayeidai kwa ukali huu?

MwanaKamalondo
Turudi kwenye maji, maana hapo ndipo fedha za entite zinakwenda kwa wingi. Foraji, yaani kisima cha bomba, inachimbwa, picha inapigwa, mwaka wa pili pampu imekufa.

Hesabu_Ruashi
Kwa sababu mkataba unalipa shimo, haulipi maji. Uandike hivi: kupima kisima kwa kukisukuma saa 24, kupima maji maabara kwa vijidudu na kwa metali, saruji kuzunguka mdomo wa bomba ili maji machafu yasirudi. Malipo ya mwisho yangoje matokeo ya maabara. Huku kwetu maji mengine yana asidi. Bomba za chuma chenye zinki zinaliwa na maji yanatoka mekundu. Hapo lazima chuma kisichoshika kutu, au plastiki nzito.

Binti_Kaponda
Na vipuri. Pampu ya mkono ya India Mark II iliyoshuka meta 36 ina bomba 12 za meta 3 na vyuma vyake vya ndani. Kinachokufa kwanza ni vile vikombe vya mpira kwenye silinda, kitu kidogo kabisa, lakini kukifikia lazima utoe bomba zote 12. Cheferi ikinunua seti moja ya vyuma vya kushikia bomba, tripodi na funguo zake, ikafundisha watu wawili kwa kila grupma, hakuna haja ya kungoja fundi kutoka mjini.

Likasi_Juu
Hizo funguo atazitunza nani? Kwa mfumu?

Binti_Kaponda
Kituo cha afya, ndani ya kabati yenye daftari la kusaini. Na gharama ya vikombe iandikwe kwenye bajeti ya kila mwaka, mstari wake peke yake, kwa idadi ya foraji.