Tupeane uzoefu: ishara ya kifo uliyoisoma kitabuni, kisha ikakukuta nyumbani

Wakuu, wakubwa shikamooni.

Chuoni tulisoma Al-Inkishafi, ule utenzi wa Pate ambamo uhai ni taa iliyo kwenye upepo. Mwalimu akauliza taa inaashiria nini. Nikajibu, nikapata alama zangu, nikasahau.

Marehemu baba alikuwa mvuvi wa dagaa, Kayenze, Ziwa Victoria. Usiku usio na mbalamwezi karabai hujaa ziwani mpaka unadhani ng'ambo kuna mji. Usiku mmoja upepo ulibadilika ghafla. Mama akatoka na khanga yake, akasimama ufukweni akizihesabu taa, mara ya kwanza, mara ya pili. Mtumbwi ulirudi bila baba. Tulimpata siku ya tatu. Tangu hapo ubeti ule siwezi kuusoma kwa sauti.

Wewe ni ishara gani imekurudia? Tafadhali tuelezane kwa heshima.

Mzawa wa Nansio: Pole sana ndugu yangu. Kwangu mimi ni jina. Mzee wetu Aniceti Kitereza, mwandishi wa Ukerewe, katika riwaya yake alimwita mtoto wa Myombekere na Bugonoka jina Ntulanalwo. Kwa Kikerewe ni mtu anayeishi nacho, yaani kifo. Mzee mwenyewe alizika watoto wake. Alimaliza kuiandika riwaya hiyo kwa Kikerewe mwaka 1945, kitabu kikatoka kwa Kiswahili 1980, naye akafariki 1981. Kaka yangu alipewa jina la namna hiyo kwa sababu waliomtangulia hawakukaa. Kila mama akimwita aje kula, anawataja na wale wengine. Nililielewa hilo nikiwa mtu mzima, nikalia.

Mama wa Nyegezi: Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina kama ua lililofunga baada ya kuchanua. Nilikuwa naona ni maneno mazuri tu. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na tisa. Naishia hapo.

Igoma 96: Naomba mnivumilie, mimi nina tofauti kidogo. Kidato cha tatu mwalimu aliuliza maji katika shairi yanaashiria nini. Wenzangu wakajibu: safari, mpaka wa dunia na ahera. Nikatoka nje. Mama mdogo alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama, 21 Mei 1996. Kwangu maji ni maji. Mwalimu akanifuata chini ya mwembe, hakunigombeza, akaniambia: basi andika hivyo hivyo. Niliandika kurasa nne. Mpaka leo nikipita makaburi ya Igoma namkumbuka mama mdogo, halafu namkumbuka yule mwalimu.

Mleta mada: Mama wa Nyegezi, pole sana mama yangu. Igoma 96, asante, umenifungua. Karabai ya baba ilirudi na mtumbwi, kioo kizima. Mama hataki iuzwe, wala hataki iwashwe. Iko juu ya kabati, kila Jumamosi anaifuta vumbi.

Wa Musoma na Bukoba, karibuni.