Nimetoka lebo kubwa, nataka kutoa nyimbo zangu mwenyewe. Naombeni ushauri

Gitaa la Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni dada, natunga, naimba na kupiga gitaa. Nyimbo zangu ni za taratibu, za kusikiliza umetulia. Nimekaa miaka mitatu kwenye lebo kubwa hapa mjini, wakanilazimisha amapiano. Sasa nimerudi kujitegemea. Nina nyimbo sita. Nitoe moja moja au albamu nzima? Usingizi sipati.

Fundi Spika: Moja moja. Albamu nzima watu hawana bando la kuisikiliza.

Mama Wawili: Mwanangu, waliokushika mkono uliwaaga vizuri? Vijana mnaondoka kwa hasira, mkikwama mnawarudia walewale.

Mzee wa Trampeti: Miaka ya 90 nilikuwa bendi ya dansi, Kinondoni. Vyombo vyote mali ya tajiri. Tulipohama alivifungia stoo, tukakaa miezi mitatu hatupigi, mpaka tukaazima gitaa la besi kanisani. Ile besi ilikuwa tamu jamani!

Kaka Mkubwa: Dada, "nimetoka" maana yake nini? Barua ya kuvunja mkataba unayo?

Gitaa la Mbagala: Bosi mwenyewe aliniambia niende.

Kaka Mkubwa: Kwa mdomo? Mkataba umebakiza muda gani?

Gitaa la Mbagala: Mwaka mmoja na miezi minane. Na jina la kisanii wamelisajili wao. Lakini video nimeshalipia nusu, na wimbo wa kwanza uko kwa msambazaji wa nyimbo mtandaoni, unatoka Ijumaa. Nilitunga mama akiwa amelazwa, kabla sijawajua hao watu. Ni wangu.

Kaka Mkubwa: Utunzi ni wako, sikatai. Ila kama mkataba unasema usirekodi nje yao, watamwandikia msambazaji na wimbo utashushwa siku hiyohiyo.

Binti Soul: Usikate tamaa dada. Mwimbaji Raye wa London alisaini lebo akiwa binti mdogo, albamu wakamkalia. 2021 akalia hadharani, wakaachana. Januari 2023 wimbo wake "Escapism" ukashika namba moja Uingereza akiwa huru, na 2024 akabeba tuzo sita za BRIT usiku mmoja.

Kaka Mkubwa: Umesema wakaachana. Alitoka kwanza, ndipo akatoa. Hata Harmonize alipoondoka WCB, lebo ya Diamond, 2019 alisema mwenyewe kuwa ilimgharimu mamilioni.

Nimekaa Pale: Hii chai. Mwezi uliopita huyuhuyu alifungua uzi wa kuku wa mayai wanaokohoa. Leo msanii wa lebo kubwa?

Fundi Spika: Duh! Weka picha ya mkataba.

Mama Wawili: Kwani msanii hafugi?

Gitaa la Mbagala: Kuku ni wangu, wamebaki 140. Ndio wanaonilipia kodi, kwa sababu tangu nisaini sijaona mirabaha, naambiwa gharama zao hazijarudi. Mkataba siweki hapa, una majina ya watu. Anayeona ni chai asinywe.

Mzee wa Trampeti: Wanaokohoa uliwapa dawa gani? Wangu wameanza jana.

Gitaa la Mbagala: Mzee, nitakujibu kule kwenye uzi wa kuku. Kaka Mkubwa, nimempigia msambazaji, anasema mwisho wa kusitisha ni kesho saa sita mchana. Naweza kuja inbox?

Kaka Mkubwa: Njoo sasa hivi. Tuma kurasa zote, usiache hata moja.